Sijala, Nimekunywa

Kazi yangu ni kugonga maini ya watu. Nina mashine yenye kioo kama televisheni ndogo na mkono mmoja wenye ncha ya mviringo. Mgonjwa analala chali, anaweka mkono wa kulia chini ya kichwa, nami naibana ile ncha katikati ya mbavu zake na kubonyeza. Inamgonga mara moja kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Mtetemo unaingia ndani, na mashine inasoma umepita kwenye ini kwa kasi gani. Ini laini huuchelewesha. Ini lenye makovu huupitisha mbio. Nagonga mara kumi, nachukua namba ya katikati, najaza fomu. Ini zima husoma tano hivi. Ukiona kumi na nane, ujue limekuwa gumu kama soli ya kiatu.

Kituoni wananiita Kamusi. Jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Siwezi kusikia mtu anaharibu lugha nikanyamaza, mdomo unaniwasha. Daktari mkuu wetu, bwana mmoja mwembamba anayetembea kama amechelewa kila mahali, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba wagonjwa wanakula dawa zao vizuri. Nikawasubiri wageni waondoke, nikamwambia dawa haziliwi, humezwa. Akacheka, akaziomba dawa radhi. Tangu hapo kila karatasi iliyokuwa inakwenda kwa wagonjwa ilipitia mezani kwangu kwanza, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheti changu.

Mwaka huo tulikuwa tunajaribu kidonge kipya. Tulikuwa na watu arobaini na mmoja, wote wenye homa ya ini ya miaka mingi. Virusi vyao vilikuwa vimeshatulizwa na dawa za kawaida, lakini makovu yalibaki, na makovu ndiyo yanayoua. Kidonge kilitengenezwa ili kuyalainisha. Hakuna aliyepewa kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani, kwa sababu ilikuwa hatua ya mwanzo tu: pima, meza miezi sita, pima tena. Namba zikishuka vya kutosha, utafiti unaendelea. Zisiposhuka, kamati ya wataalamu kutoka nje inaufunga, vidonge vinarudi kwenye maboksi, na kila mtu anakwenda kwao na ini lake.

Kamati ilikuwa inakaa Ijumaa. Jumatatu asubuhi mtakwimu wetu, dada mmoja mfupi tunayemwita Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja kwa nukta, alituita ofisini kwake mimi na daktari, akafunga mlango.

"Hazijashuka," alisema.

"Hata kidogo?" daktari aliuliza.

"Nukta nne, kwa wastani. Ukimpima mtu yuleyule mara mbili siku moja unaweza kupata tofauti kubwa kuliko hiyo. Amebaki Fundi Saa tu, anapimwa leo, na mtu mmoja hawezi kuukomboa wastani wa watu arobaini."

Daktari alikaa kwenye kona ya meza. "Sielewi. Vipimo vya damu vimekuwa vizuri. Mtu aliyekuwa anabebwa kupanda ngazi sasa anapanda mwenyewe. Damu inasema wanapona, mashine inasema hawaponi." Akanigeukia. "Kamusi, mashine yako ni nzima?"

"Nzima kuliko wewe," nilimjibu. "Imekaguliwa mwezi uliopita, karatasi ya ukaguzi ninayo."

Nilitoka pale nimevimba. Miezi sita nimewagonga watu mbavu kwa uangalifu wa mtu anayetoboa sikio la mtoto, leo naulizwa mashine. Lakini chini ya hasira kulikuwa na huzuni, sitaficha. Nilikuwa nakipenda kile kidonge. Nilitaka kifanye kazi kama mtu anavyotaka timu yake ishinde, na zaidi ya wote nilitaka kifanye kazi kwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee wa miaka sitini na saba aliyetengeneza saa za watu tangu ujana wake. Mtu wa usahihi wa kuudhi. Ukimwambia njoo saa nne, ukifungua mlango saa nne kamili unamkuta amesimama hapo, hajabisha. Alikuja na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma. Kati yao kulikuwa na jambo ambalo kituo kizima tulilijua. Ini la mzee lilikuwa linakaribia kuchoka kabisa. Wapasuaji wa hospitali kubwa walikuwa wamempima binti, wakakuta anafaa: wangekata kipande cha ini lake wampe baba. Mzee alikataa mara tatu. Mara ya nne alikubali kwa sharti moja, kidonge kijaribiwe kwanza. Kikishindwa, binti alazwe mezani. Kwa hiyo Ijumaa ile, kwa mzee, haikuwa habari ya sayansi. Ilikuwa habari ya tumbo la mwanawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Kamusi. Leo unanigonga ngapi?"

"Kumi kama kawaida. Umekula?"

"Sijala."

Nikaweka alama ya vema kwenye fomu. Akalala, akainua shati. Binti alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, akaweka mkoba mapajani.

"Kidonge kikigoma kisikutie presha, baba," alisema. "Mimi nipo. Wanakata kipande, kinaota tena, baada ya wiki chache nipo darasani. Siogopi hata kidogo."

"Mwanangu, maneno hayo yananikata maini."

"Anayekatwa ini ni mimi, baba. Wewe tulia upimwe."

Nilicheka mpaka ncha ya mashine ikateleza. Mzee naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye dari. Niligonga mara kumi. Miezi sita iliyopita alisoma kumi na nane nukta nne. Kioo kikaniandikia kumi na saba nukta tisa.

Nilimpa karatasi ya kujifutia jeli niliyompaka ubavuni, nikajifanya natafuta kalamu. Mzee aliinuka bila kushikwa mkono, jambo ambalo mwanzoni mwa mwaka hakuliweza. Akaanza kufunga vifungo vya shati kimoja kimoja, kwa utaratibu wake.

"Sasa nikatafute chakula," alisema. "Tangu asubuhi nimeshindia uji tu."

Nilisimama hivyo hivyo na kalamu yangu.

"Uji?"

"Kikombe kimoja na nusu."

"Saa ngapi, mzee?"

"Saa mbili na dakika kumi na mbili."

Ilikuwa saa nne na robo. "Mzee wangu, si tuliwaandikia msile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya kipimo?"

"Mliandika," alisema kwa heshima zote, kama mtu anayemweleza mteja kwamba saa yake haina kosa. "Nami sijala. Nimekunywa."

"Kwani uji unaliwa, dada?" binti aliuliza.

Nilikaa juu ya kitanda cha wagonjwa. Mtu akila, damu nyingi hukimbilia tumboni na kupitia kwenye ini, ini linajaa, linakakamaa, na mashine inasoma ugumu ambao si wa makovu. Kila mpimaji analijua hilo, ndiyo maana tunawataka waje na njaa. Na lugha hii naijua kuliko njia ya nyumbani kwangu. Kwa lugha hii mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula chumvi akazeeka. Akipigwa amekula kichapo, akikimbia amekula kona. Vitu visivyopita mdomoni kabisa, vyote tunavila. Lakini uji, unaopita mdomoni na kujaza tumbo mpaka mtu akalegeza mkanda, hauliwi. Uji hunywewa. Chai ya maziwa hunywewa. Supu yenye minofu inayoelea, nayo hunywewa.

Likaja la pili, likaniuma zaidi. Mwanzo wa utafiti, kabla sijapewa kazi ya kusahihisha karatasi, wagonjwa walipewa maelezo yaliyoandikwa na muuguzi mmoja ambaye ameshastaafu. Yeye aliandika: "Njoo na tumbo tupu." Wote walikuja na njaa ya kweli, tukawapima. Miezi sita baadaye, kabla ya kutuma ujumbe wa simu wa kipimo cha pili, niliisoma ile sentensi nikaikunjia uso. Tumbo haliwi tupu, nilisema, tumbo lina utumbo ndani. Nikafuta. Nikaandika kwa mkono wangu, kwa furaha, sentensi safi isiyo na doa: "Usile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya kipimo."

"Mzee," nilisema, "kaa hapo. Usiende popote. Mwalimu, mshike asiende popote."

Nikakimbia. Mimi na umri wangu na viatu vya mpira, nilikimbia ukumbi mzima, nikapita foleni ya maabara watu wakinitolea macho, nikaingia kwa daktari bila hodi. Nilikuwa na hofu na furaha kwa pamoja, na furaha ilikuwa inashinda, Mungu anisamehe, maana kama nilikuwa nimekosea mimi basi kidonge hakikuwa kimekosea.

"Wamekunywa uji," nilisema.

"Nani?"

"Huenda wote. Niliwaandikia wasile. Hawakula. Wamekunywa."

Daktari alinitazama kwa muda, midomo yake ikirudia maneno polepole: kula, kunywa. Halafu akaruka kutoka kwenye kiti akamwita Desimali kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Desimali hakuruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Tusifurahi. Huyo ni mzee mmoja. Na tukiwapima upya wale tu wenye namba mbaya, tutakuwa tunajichagulia majibu. Anaulizwa kila mtu, swali moja, maneno yaleyale, wakiwemo wenye namba nzuri. Na kabla ya lolote, mwenyekiti wa kamati aambiwe leo. Si kesho."

"Nitaandika mimi," nilisema. "Neno lilikuwa langu."

Daktari alisema si lazima, yeye ndiye mkuu, ataandika kwamba kulitokea hitilafu katika maelezo. Nikamkatalia. Hitilafu haikutokea, iliandikwa, na mwandishi alikuwepo. Nikapiga moyo konde, nikaandika nusu ukurasa: nilibadilisha nini, lini, kwa sababu gani ya kipuuzi. Nilijua wanaweza kunitoa kwenye utafiti. Mchana majibu yakaja: waulizwe wote, wapimwe wote upya kabla ya Ijumaa, na majibu ya zamani yaletwe pamoja na mapya bila kufichwa hata moja. Mpimaji asizitazame namba za zamani. Nikamwambia Desimali namba moja ninaikumbuka, ya Fundi Saa, siwezi kuifuta kichwani. Akaandika kwenye daftari lake kwamba naikumbuka.

Mchana huo tulikaa watatu kwenye simu. Swali lilikuwa: "Asubuhi ya kipimo, tangu ulipoamka, ni kitu gani kilipita mdomoni mwako? Taja vyote, hata kidogo." Nimefanya kazi ya hospitali miaka ishirini, sijawahi kufurahi kwenye simu namna ile.

Dereva wa lori alisema hakula, alipiga supu tu. Mama mmoja muuza vitambaa alisema chai ya maziwa, vikombe viwili, "lakini bila kitafunwa, dada, nilijua sheria." Kijana wa gereji alisema hakula muwa, aliutafuna, maganda akatema. Babu mmoja alilamba asali kwa ajili ya kikohozi. Mpishi wa shule alikasirika kabisa nilipomuuliza. Yeye hakula wala hakunywa, alionja. Alionja masufuria sita.

"Kuonja kiasi gani, bibi?"

"Mpaka nijue chumvi imekolea. Sasa wewe unaonjaje?"

Desimali alikuwa anaandika, uso mkavu kama karani wa mahakama, lakini niliona mabega yanatikisika. Hadi tunaweka simu chini, watu thelathini na wanne kati ya arobaini na mmoja walikuwa wamekuja kwangu wameshiba, na wote thelathini na wanne walikuwa wameniambia ukweli mtupu kwamba hawajala.

Ujumbe mpya niliuandika siku hiyohiyo, na safari hii sikujiamini. Nilimpelekea mama mfagizi wa jengo letu, nikamwambia ausome kama mtu mkorofi anayetafuta mwanya. Akaegemea ufagio, akasoma, akauliza: na chai ya rangi? Nikarekebisha. Akauliza: na pipi ya kikohozi? Nikarekebisha. Mara ya tatu akasoma, akasema hapo umenibana. Ujumbe ukawa hivi: "Ukiamka asubuhi, kisipite kitu chochote mdomoni mpaka upimwe, isipokuwa maji matupu na mswaki." Ndiyo, nilitumia neno "matupu". Nilimeza mate nikalitumia.

Jumanne chumba cha kusubiria kilijaa watu wenye njaa. Nilikuwa sijawahi kuona umati wa watu wazima ulionuna kiasi kile. Dereva wa lori aliniambia akizimia nimlipe mshahara wa siku. Mpishi wa shule alikaa amefunga mikono, akisema watoto wa watu leo wanakula chakula kisichoonjwa kwa ajili yangu. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Niliwaambia kosa ni langu, niliandika neno baya. Wakacheka, wengine wakanisamehe kabla sijamaliza sentensi, na babu wa asali akasema hakuwahi kuombwa radhi na mtu mwenye koti jeupe, akaniomba nirudie.

Nikaanza kugonga. Desimali alisimama pembeni yangu na daftari, akinakili kila namba kwa mkono wake. Mimi sikuruhusiwa kutazama za zamani, lakini macho ninayo na akili ninayo. Tisa nukta nane. Kumi na moja. Nane nukta mbili. Sikuwa nimeona namba kama hizo tangu utafiti uanze. Nikajikemea nisitangulize furaha, nikavuta pumzi kabla ya kila kitufe. Nilimtazama Desimali nikitafuta chochote usoni mwake. Hakuna. Ila Jumatano mchana, akiwa ananoa penseli, nilimsikia anaimba kwa pua. Desimali haimbi. Nikatoka nje nikazunguka jengo mara mbili ili nisipige kelele.

Fundi Saa alikuja Alhamisi saa nne kamili, wa mwisho. Binti alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Mzee alisema tangu aamke amekunywa maji bilauri moja na robo, akataja na saa. Alilala. Nikaweka jeli, nikatafuta nafasi yangu kati ya mbavu, palepale pa Jumatatu.

Kumi na tatu nukta moja.

Nilidhani nimekosea pembe. Nikagonga tena. Kumi na mbili nukta sita. Tena. Kumi na mbili nukta saba. Kila nilipobonyeza nilikuwa nangoja kumi na saba irudi kunikata, na haikurudi. Ya katikati ikaja kumi na mbili nukta saba. Kalamu ya Desimali ilisimama kidogo kwenye karatasi, kisha ikaandika.

Binti alikuwa hatazami mashine. Alikuwa ananitazama mimi. "Vipi, dada?"

"Siruhusiwi kusema mpaka kamati ikae," nilimwambia. "Mzee, jifute."

"Sema kidogo tu. Sema kwa uso."

Nikageuka ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Walipotoka niliingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa katikati ya maboksi ya glavu, nikalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mama mfagizi alinikuta pale akanipa kitambaa chake cha mkononi bila kuuliza.

Ijumaa kamati ilikaa saa mbili nzima. Waliniita ndani. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na nusu ukurasa wangu ulikuwa mbele yake.

"Nani aliandika neno 'usile'?"

"Mimi."

"Na kabla yake palikuwa na 'tumbo tupu'. Ulilitoa kwa nini?"

"Nilisema tumbo haliwi tupu, lina utumbo."

Halafu bwana mmoja mwishoni mwa meza akacheka, akajifanya anakohoa, na meza nzima ikamfuata. Mwenyekiti hakucheka. Aliniambia nitapata barua ya onyo, iwekwe kwenye faili langu, na nilistahili. Akasema pia kwamba vituo vyote vinavyotumia kipimo hiki vitaandikiwa kuangalia maneno yao. Nikashukuru kwa yote mawili. Halafu akasoma uamuzi: wastani umeshuka kwa zaidi ya robo, utafiti unaendelea, vidonge visisimamishwe hata siku moja. Daktari alinishika mkono chini ya meza akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Desimali alisema "robo na nukta tatu za asilimia," na hiyo ilikuwa namna yake ya kushangilia.

Fundi Saa na binti yake walikuwa wanangoja ofisini kwa daktari. Mzee alikuwa amesema nami niwepo, kwa hiyo nilisimama karibu na kabati la mafaili.

Daktari, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikaa chini kabla ya kuongea. "Mzee, ini lako lilikuwa kumi na nane nukta nne. Sasa ni kumi na mbili nukta saba. Sikwambii umepona. Bado lina makovu, na safari ni ndefu. Lakini kidonge kinafanya kazi, na kwako kinafanya kazi vizuri sana."

Mzee alimwomba arudie namba. Akarudiwa.

"Na kukatwa?" binti aliuliza. Alikuwa anatabasamu, sauti yake ileile ya dawati la nyuma.

"Hakuna kukatwa. Nimetoka kuongea na wapasuaji sasa hivi, wamefuta. Tutampima kila miezi mitatu, na kwa hali hii sioni kama watakuhitaji."

"Basi vizuri," alisema binti. Akachukua mkoba, akasimama aende. Akakaa tena. Akasimama mara ya pili, akakaa, na lile tabasamu likaanza kumponyoka usoni. Mkono wake ulikuwa umekwenda kujishika upande wa kulia, chini ya mbavu.

"Baba, nilikuwa naogopa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuijua. "Nilikuwa naogopa sana. Nikiwa naandika ubaoni nilikuwa najishika hapa, watoto wakaanza kuniuliza, mwalimu, tumbo linakuuma? Nilikuwa naogopa nitakufa, halafu naona aibu, kwa sababu wewe ndiye unayekufa."

Mzee alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Hakuwa na haraka. Alishika ule mkono wa binti yake, akautoa taratibu pale alipokuwa anajishika, akaweka wake.

"Hili ni lako, mwanangu," alisema. "Kaa nalo."

Binti aliinamisha kichwa begani kwa baba yake akalia kwa nguvu, kilio cha mtu mwenye afya. Daktari alinitazama, nami nikamtazama. Tukatoka mimi naye tukawaachia chumba, ingawa kilikuwa ofisi yake.